Wanaodharau Sprinti Hawajui Triathloni Ilianzaje

Kila kundi la WhatsApp la watu wa mazoezi lina mtu huyu. Wenzake wanatupia picha za marathoni na medali nzito kama mfuniko wa sufuria, halafu yeye anaandika kwa aibu: "Jumapili nina triathloni, ila ni sprinti tu."

Hilo neno "tu" ndilo lenye shida.

Kwa asiyejua, sprinti ni triathloni fupi. Unaogelea mita 750, unapanda baiskeli kilomita 20, unamalizia kwa kukimbia kilomita 5. Saa haisimami hata sekunde moja. Ukihangaika kuvaa raba huku miguu imelowa na mchanga umekuganda, muda unahesabiwa. Mshiriki wa ridhaa, yule anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa na kuiba muda wa mazoezi alfajiri, anaweza kutumia saa moja na nusu hivi. Wakongwe wanasikia hapo wanacheka: "Hiyo ni ya kujaribia. Ukikua, njoo Ironman."

Basi historia inasema kinyume. Kilichotangulia kilikuwa kifupi, tena kifupi kuliko hata sprinti ya leo. Hiyo ndefu ilikuja miaka mitatu na ushee baadaye, na ilianza na mabishano ya watu waliokuwa kwenye sherehe.

Turudi San Diego, California, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watu wazima wa Marekani wameingiwa na wazimu wa kukimbia mitaani. Mwaka 1972 mwanasheria mmoja wa mji huo anatimiza miaka 50, na badala ya kuita watu waje kula keki, anaandaa mashindano ya kukimbia na kuogelea. Watu wanayapenda, yanarudiwa.

Kati ya waliovutiwa kuna jamaa aliyekuwa muogeleaji mzuri enzi za chuo. Kwenye mbio za kawaida alikuwa wa katikati, hakuna aliyemkumbuka. Lakini maji yakiingia kwenye hesabu, anawapita watu waliokuwa wakimwacha barabarani. Akawaza, kwa nini pasiwe na mashindano mengine ya namna hii, na kuogelea kuwe kwingi zaidi? Akapeleka wazo kwa msimamizi wa ratiba ya klabu yao, San Diego Track Club. Akajibiwa kwamba kuna mwanachama mwingine naye ana wazo la ajabu, anataka baiskeli iwemo. Ili ratiba isijae vituko viwili, wakaambiwa waungane.

Yule muogeleaji wala hakuwa mtu wa baiskeli. Akakubali tu. Triathloni ya leo imetokana na makubaliano hayo.

Wakahitaji jina, na vikombe vya washindi. Alipoagiza vikombe, fundi wa kuchonga maandishi akauliza hilo neno linaandikwaje, maana kwenye kamusi hakuliona. Jamaa akamtajia herufi alivyoona inafaa. Ndivyo tunavyoliandika hadi leo.

Tangazo liliwekwa kwenye jarida la klabu, na ukilisoma leo unatabasamu. Kila mshiriki aje na baiskeli yake. Kukimbia jumla maili 6, karibu kilomita 10, lakini kwa vipande, na kipande kirefu kuliko vyote ni kilomita 4 na nusu. Karibu maili 2 za kukimbia ni peku, kwenye nyasi na mchanga. Baiskeli maili 5, yaani kilomita 8. Kuogelea yadi 500, ambazo hazifiki hata mita 460, nazo zimekatwa vipande. Kuanza ni saa 11:45 jioni.

Angalia hiyo saa na siku yenyewe. Ilikuwa Jumatano, tarehe 25 Septemba 1974. Jumatano! Yaani watu wametoka kazini, wamepita nyumbani kuchukua baiskeli, wakaenda ufukweni Mission Bay. Hakuna aliyeomba likizo wala aliyekuwa na kocha au mdhamini. Waandaaji walitegemea watu wachache, wakajitokeza 46.

Baiskeli nyingi zilikuwa za kawaida, za kuendea dukani. Wakimbiaji wazuri walikuwepo wengi, ila wengi wao kwenye maji walikuwa wa kubahatisha. Hapo ndipo waandaaji walipopigwa na kitu ambacho hawakukipigia hesabu vizuri. Kwa ratiba ile, kuogelea kulikuwa mwishoni. Mtu anaingia kwenye maji akiwa ameshakimbia na ameshaendesha baiskeli, miguu inauma, pumzi inakatika. Na jua la mwisho wa Septemba kule linazama mapema, kabla hata saa moja usiku haijafika.

Mshindi alimaliza kwa chini ya saa moja, mwanga ukiwa bado upo. Lakini mashindano hayaishi mshindi akifika. Nyuma kulikuwa na watu bado wamo majini, na giza linaingia. Kukawa hakuna namna ya kuwaona vizuri. Ikabidi magari yasogezwe ufukweni, taa zake zikamulikwa kwenye maji, na wale wa mwisho wakaogelea wakifuata mwanga huo hadi nchi kavu, wakakwea ukingo wa udongo, wakamaliza.

Majina ya watano wa kwanza ndiyo yaliyopata vikombe. Hao waliotoka kwenye maji gizani ni watu ambao leo karibu hakuna anayewataja. Lakini walikuwa na kazi ngumu kuliko mshindi. Mshindi alijua anaweza. Wao waliingia kwenye maji meusi bila uhakika huo, mbele ya watu, kwenye mchezo ambao haukuwahi kuwepo, na hakuna aliyewalazimisha. Na wenzao, badala ya kuondoka wakale chakula cha jioni, wakabaki na kuwasha taa za magari.

Sasa ile ndefu ilitoka wapi? Siku hiyohiyo Mission Bay kulikuwa na familia moja nzima, baba ofisa wa jeshi la majini, mama, na watoto wao wawili. Mwaka uliofuata wakahamia Hawaii. Mwaka 1977, kwenye hafla ya kugawa tuzo za mbio, watu wakaanza ubishi wa kijiweni: nani yuko fiti zaidi, mkimbiaji, muogeleaji au mwendesha baiskeli? Baba yule akasema tuache maneno, tuunganishe mashindano matatu makubwa ya kisiwa hiki na tuone. Kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, halafu marathoni nzima.

Tarehe 18 Februari 1978 walianza watu 15, wakamaliza 12. Mshindi aliwahi kuendesha teksi, na alitumia saa 11 na dakika 46. Aliyeshika nafasi ya pili aliishiwa maji ya kunywa njiani, watu wake wakampa bia. Hiyo ndiyo Ironman ya kwanza. Nayo ilikuwa ya watu wa ridhaa, hakukuwa na mshahara hapo.

Kilichoifanya iwe maarufu duniani ni televisheni. Februari 1982 mwanafunzi mmoja wa chuo, msichana aliyeingia kwa sababu ya utafiti wake wa masomo, alikuwa anaongoza upande wa wanawake. Karibu kabisa na mwisho mwili ukagoma. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Akapitwa. Akamalizia kwa kutambaa, na kamera zilikuwa zinaangalia. Watu wengi walioona picha zile wakaenda kununua baiskeli.

Lakini picha ile ilileta na dhana moja: kwamba triathloni ya kweli ni ile inayokuvunja. Ndipo ikaja hii tabia ya kupima mtu kwa kilomita, na mwenye chache anaomba radhi.

Wenye mchezo wenyewe hawakukwama hapo. Ilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, Sydney 2000, ilichukuliwa ya umbali wa kati: kuogelea kilomita 1.5, baiskeli 40, kukimbia 10. Ukigawa kwa mbili, unapata sprinti kamili. Na sprinti yenyewe ikapanda majukwaa makubwa. Triathloni ya watu wenye ulemavu ilipoingia Paralimpiki, Rio 2016, umbali ulikuwa huohuo wa 750, 20 na 5. Kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Gold Coast 2018 na Birmingham 2022, medali za mtu mmoja mmoja zilitolewa kwa sprinti. Hao hawakuwa wanajaribia.

Kuna na jambo moja ambalo jioni ile ya 1974 inatufundisha bila kusema. Leo kuogelea kunakuja kwanza karibu kila mahali. Ukichoka kwenye baiskeli unashuka, ukichoka kwenye mbio unatembea, lakini ukichoka katikati ya maji huna pa kukaa. Kwa hiyo maji yanawekwa mwanzo, mwili ukiwa na nguvu na jua likiwa juu, na waokoaji wanakuwa pembeni. Ni mpangilio unaomfikiria zaidi yule wa nyuma kuliko bingwa.

Maana mshiriki wa ridhaa wa sprinti anapigana na vitu ambavyo saa haivionyeshi. Pengine amejifunza kuogelea ukubwani, bwawani, akiwa na watoto wa miaka saba wanaompita. Baiskeli ameazima. Asubuhi ya mashindano anasimama kwenye maji hadi kiunoni na kofia inayobana, watu mia wanapigana viwiko, na moyo unamwambia rudi nyumbani. Haendi popote. Mita 750 baadaye anatoka, anakimbilia baiskeli akiyumba kama mlevi, miguu haijui bado kama iko nchi kavu.

Akifika wa mwisho, asifute picha. Wale wa Mission Bay walimaliza gizani, kwa taa za magari, umbali mfupi kuliko wake. Na bila wao huo mchezo usingekuwa na mwaka wa pili.

Kwa hiyo Jumapili ikifika, aandike tu kwenye kundi: "Nina triathloni." Sentensi inatosha hapo.