Asbesto: Vumbi lililojificha juu ya paa

Tarehe 14 Machi mwaka 1924, katika mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, alifariki dunia Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda mwenye umri wa miaka 33. Tangu utotoni alikuwa akisokota nyuzi za asbesto. Mwajiri wake alikataa kulipa fidia. Daktari William Cooke, aliyeyachunguza mapafu yake, aliyakuta na makovu yenye chembe za madini hayo. Mwaka 1927 akaupa ugonjwa huo jina la asbestosi.

Wakati huo asbesto ilikuwa imekwisha toka kiwandani na kupanda juu ya nyumba. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ludwig Hatschek wa Austria alibuni njia ya kuchanganya nyuzi hizo na saruji, akapata bamba jepesi, lisiloungua wala kushika kutu. Katika Afrika Mashariki, shule na nyumba nyingi za watumishi wa serikali ziliezekwa kwa mabamba hayo. Wengi waliyapenda, kwani hayakupiga kelele wakati wa mvua wala kuleta joto kali kama bati.

Mwaka 1960, Daktari J. C. Wagner na wenzake nchini Afrika Kusini walitangaza habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, saratani ya utando wa mapafu. Miongoni mwao walikuwamo watu wasiowahi kufanya kazi mgodini, bali waliishi tu jirani na migodi ya asbesto. Ikadhihirika kuwa vumbi hilo halichagui mchimbaji na mpita njia.

Paa likiwa zima, saruji huzishika nyuzi barabara. Lakini jua, mvua na kuvu huila saruji hiyo mwaka baada ya mwaka, nyuzi zikabaki wazi na kupeperushwa na upepo. Hatari huzidi paa linapovunjwa, kutobolewa, kukatwa kwa msumeno au kusuguliwa likiwa kavu. Nyuzi hizo hazionekani kwa macho wala hazina harufu, na maradhi yake huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 50.

Uingereza ilipiga marufuku asbesto ya buluu na ya kahawia mwaka 1985, na nyeupe mwaka 1999. Afrika Kusini ilifuata mwaka 2008. Nchini Marekani, katazo la mwaka 1989 lilitenguliwa kwa sehemu kubwa na mahakama mwaka 1991, na asbesto nyeupe ikapigwa marufuku mwaka 2024.

Hata hivyo, sheria inayozuia kuuza haiezui paa lililokwisha ezekwa. Wataalamu wanashauri paa zima lisiguswe, na lililochakaa liloweshwe maji, liondolewe bila kuvunjwa, kisha lifungwe katika plastiki na kuzikwa mahali maalumu. Kazi hiyo ina gharama, na mara nyingi anayeitwa ni fundi wa mtaani mwenye nyundo, asiye na kinga ya pua, wala hajaambiwa paa lile limetengenezwa kwa kitu gani.