Kamari ya Simu: Je, Leseni ya Serikali Inaifanya Kuwa Halali?

Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Maswahaba zake. Amma baad.

SWALI

Vijana wetu wa Kilwa Masoko na wa visiwani wanabeti kwa simu. Tukiwakataza hutujibu kwamba kampuni zina leseni, serikali inachukua kodi, na hata timu tunazozishabikia zimedhaminiwa na kampuni hizo. Je, hukumu ya kamari inabadilika ikiruhusiwa na kusimamiwa na serikali? Na Muislamu aseme nini pale jambo hili linapojadiliwa?

JIBU KWA UFUPI

Hukumu haibadiliki. Leseni inamwondolea mchezaji kosa mbele ya polisi, haimwondolei dhambi mbele ya Allah. Ama usimamizi wa serikali, Muislamu anaruhusiwa kutaka uwe mkali zaidi ili madhara yapungue, bila ya kuihesabu kamari kuwa biashara njema. Ufafanuzi ni huu ufuatao.

Kamari ni nini?

Neno letu kamari limetokana na Kiarabu *qimar*, na Qur'ani imeitaja kwa jina la *maysir*. Wanazuoni wameieleza kuwa ni kila mchezo au mapatano ambayo kila anayeingia anatoa mali, naye hajui atatoka na faida au hasara, na faida ya mmoja ni hasara ya mwenzake. Kwa kipimo hiki, mkeka wa mpira, mchezo wa kindege kwenye simu, jackpoti, bahati nasibu ya kununua tiketi na mashine ya dubwi vyote ni kamari. Simu ni chombo tu. Imeleta wepesi, haikuleta hukumu mpya.

Dalili iko wazi katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91. Hapo kamari imewekwa pamoja na ulevi na masanamu, ikaitwa uchafu katika kazi za shetani, na sababu zikatajwa: huzaa uadui na chuki, na humzuia mtu na kumkumbuka Allah na kuswali. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) amemuamrisha mwenye kumwambia mwenzake waje wacheze kamari atoe sadaka. Ikiwa kwa kutamka tu mtu anatakiwa atoe kafara, kucheza kwenyewe ni jambo zito zaidi.

Sheria ya nchi inasemaje?

Wengi hujadili kana kwamba kamari ya mtandaoni bado inasubiri kuhalalishwa. Kwa Tanzania Bara, ambamo Kilwa na Mafia zimo, michezo hii ina sheria yake, Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha inayotoa leseni. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Ushindi unakatwa kodi, na kampuni nazo hulipa kodi yao.

Majirani wamepita njia tofauti. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2016, imeweka umri wa kucheza kuwa miaka 25. Kenya, Julai 2019, ilizinyima leseni kampuni 27. SportPesa ikasimamisha shughuli zake huko mwaka huo huo, jina lake likarejea sokoni 2020, na mwaka 2025 Kenya ikapitisha sheria mpya ya kudhibiti kamari. Hata huko Ghuba waliko ndugu zetu wengi, Falme za Kiarabu ziliunda mamlaka ya kusimamia michezo hii mwaka 2023. Asije mtu akasema, "Nchi ya Waislamu imeruhusu, basi ni halali." Halali na haramu hazichukuliwi kutoka kwenye gazeti la serikali ya nchi yoyote, iwe ya Waislamu au si ya Waislamu.

Hoja ya manufaa

Wanaotetea kamari yenye leseni wana hoja, na si vyema kuzipuuza. Wanasema: kodi inajenga shule na hospitali, vijana wanapata ajira, michezo inapata udhamini. Ni kweli kwamba mwaka 2017 Simba na Yanga zote mbili ziliingia mikataba na kampuni moja ya kubeti.

Lakini hoja hii ni kongwe kuliko simu. Waarabu wa zama za Jahiliyya walikuwa wakichinja ngamia, wakagawa nyama mafungu, kisha wakavuta mishale. Waliotokewa na mishale mitupu ndio waliolipa gharama, na washindi waliona fahari kutoila ile nyama; waliwagawia mafukara. Masikini alishiba kwa maysir! Kwa hiyo Qur'ani haikukana kwamba ndani yake mna manufaa. Suratul Baqara, aya ya 219, imekiri kwamba mna manufaa kwa watu, kisha ikapima na kusema kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo. Kodi, ajira na jezi ni yale yale mafungu ya nyama. Yameshapimwa, na jibu limeshatolewa.

Na tuangalie fedha hizo zinatoka wapi. Mvuvi wa pweza wa Songo Songo hupata kipato maji yanapokuwa bamvua. Mkulima wa ufuta au korosho hulipwa mnada ukishapita. Fedha inaingia kwa mkupuo, kwenye simu ile ile yenye kamari ndani yake, na inatakiwa itoshe mpaka msimu mwingine. Zamani mcheza kamari alilazimika kwenda mahali na watu wakamuona. Leo anapoteza ada ya mtoto akiwa kitandani, na mkewe yuko pembeni hana habari.

Hesabu ya mkeka

Kijana asiyesikia dalili huenda akasikia hesabu. Tuseme mechi ina matokeo mawili yenye nafasi sawa, na kampuni inalipa mara 1.90. Wawili wakiweka shilingi 1,000 kila mmoja, huyu upande huu na yule upande ule, kampuni inapokea 2,000 na kumlipa mshindi 1,900. Shilingi 100 imebaki kwake, ashinde nani, ashindwe nani.

Mkeka wa mechi 10 za namna hiyo una nafasi moja tu ya kushinda kati ya 1,024. Malipo ya haki kwa shilingi 1,000 yangekuwa 1,024,000. Kwa 1.90 kila mechi, kampuni inalipa takriban 613,000. Mkeka unavyorefuka ndivyo mchezaji anavyozidi kupunjwa, na ndiyo maana mikeka mirefu inapigiwa debe. Anayeweka 1,000 tu kila siku, kwa mwaka anakuwa ameweka 365,000.

Je, Muislamu aunge mkono usimamizi?

Hapa pana mambo mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni kuihalalisha kamari moyoni na kuiita kazi. Hilo halijuzu. La pili ni kwamba kamari tayari ipo kwa sheria, na raia anaulizwa idhibitiwe vipi. Kanuni ya fiqhi inasema madhara mawili yakikutana, huzuiwa lililo kubwa japo kwa kustahamili lililo dogo. Kwa hiyo inafaa, na ni katika kukataza maovu, kudai kupunguzwa matangazo, kuwekwa mashine mbali na shule, kupandishwa umri, na kuzuiwa kubeti kwa fedha ya mkopo wa simu, ambamo riba hukutana na kamari. Anayedai hayo aseme wazi kwamba anapunguza uovu, hauidhinishi.

Masuala ya nyumbani

*Mume anabeti, je, chakula anacholeta ni haramu kwetu?* Ikiwa ana kazi ya halali na mali imechanganyika, dhambi ya kamari ni yake. Mke na watoto hawana dhambi kwa kula nafaka yao. Mashafii wamesema kutumia mali ya mwenye mchanganyiko ni makruhu, si haramu, isipokuwa ukijua kwa yakini kwamba kitu hiki hasa ndicho cha haramu.

*Je, mke achukue fedha ya matumizi kabla haijachezewa?* Mume akizuia nafaka, inajuzu. Mtume (swalla Allahu alayhi wa sallam) alimruhusu Hind bint Utba kuchukua katika mali ya mumewe kiasi kinachomtosha yeye na wanawe kwa wema. Asizidishe. Na bora zaidi ni wakubaliane mbele ya wazee kwamba fedha ya msimu ikiingia, ada na chakula vitolewe kwanza.

*Aliyetubu afanye nini na fedha aliyoshinda?* Aliyoizidisha juu ya mali yake si yake. Kwa kuwa wenyewe hawajulikani, aitoe kwa masikini au maslahi ya umma. Imam Nawawi katika *Al-Majmu'* amenukuu hayo kutoka kwa Ghazali, naye ametaja mfano wa madaraja. Aitoe kwa nia ya kujivua, si kwa kutaraji thawabu ya sadaka.

*Deni la kamari lilipwe kwa zaka?* Akitubu kweli, Mashafii wanaruhusu apewe katika fungu la wenye madeni. Kabla ya toba, asipewe.

*Kombe la mbuzi mtaani?* Kila timu ikichanga kiingilio na mshindi akachukua mbuzi aliyenunuliwa kwa michango hiyo, ni kamari. Mbuzi akitolewa na mtu wa nje asiyeshindana, hakuna tatizo. Vivyo hivyo resi za ngalawa.

*Je, upatu ni kamari, maana nao unaitwa mchezo?* Hapana. Kila mmoja hupokea kiasi alichochanga. Kinachotofautiana ni zamu tu.

*Kumkodishia mtu fremu ya kuweka dubwi?* Haijuzu. Suratul Maida, aya ya 2, imekataza kusaidiana katika dhambi.

Nasaha

Kijana aliyezama asitukanwe mbele ya watu, kwani aibu humrudisha kwenye simu. Akae na mtu anayemuamini, aifunge akaunti, afute programu, na fedha yake ishikwe na mtu mwingine kwa muda. Deni alitaje lote kwa siku moja, lisiwe linagunduliwa kidogo kidogo. Wazazi wa visiwani ambao watoto wao wako Masoko kwa masomo au kazi waulize matumizi kama wanavyouliza swala. Na maimamu walizungumzie jambo hili kwenye khutba za msimu wa mavuno, fedha inapokuwa bado mkononi.

Wa Allahu a'lam. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.