Nyongeza ya Filamu: Jinsi Kompyuta Ilivyoingia Nyumbani Vurra

Mtu akinunua maharagwe sokoni Arua, kipimo kikishajaa haondoki mara moja. Husimama kidogo, na muuzaji anajua anachosubiri: huchota konzi moja zaidi na kuitia mfukoni. Hiyo ndiyo nyongeza. Neno hili la Kiswahili limevuka hata mpaka wa lugha, kwa kuwa Waganda nao hulitumia katika masoko ya Kampala. Insha hii inajadili nyongeza ya aina nyingine, yaani filamu ambazo wauza kompyuta waliziweka ndani ya mashine kabla ya kumkabidhi mnunuzi. Hoja yangu ni kwamba katika nyumba nyingi za kwetu Vurra, nyongeza hiyo ndiyo iliyowafundisha watu kompyuta ni kitu gani. Lakini kila nyongeza hutoka katika gunia la mtu, na hapa swali ni gunia la nani.

Kwanza tukubali kwamba ujanja huu haukuzaliwa Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni za Marekani zilikuwa na kazi ngumu ya kuishawishi familia ya kawaida inunue mashine iliyojulikana kama chombo cha ofisi. Dawa ilikuwa picha na sauti. Windows 95 ilipotoka tarehe 24 Agosti 1995, diski yake ya CD ilikuwa na video ya wimbo "Buddy Holly" wa bendi ya Weezer, iliyoongozwa na Spike Jonze. Video hiyo haikuwa na kazi yoyote katika kuendesha kompyuta. Iliwekwa ili mwenye mashine aone kwa macho yake kwamba kompyuta inaweza kucheza video, kisha amwite jirani naye aone. Miaka michache baadaye, diski za DVD zilipoenea, kompyuta ya nyumbani ikawa inashindana na televisheni sebuleni.

Uganda ilikuwa na njia yake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, watu wengi walitazama filamu katika vibanda vya video, ambavyo Waganda huviita bibanda. Humo alizaliwa fundi wa pekee aitwaye VJ, ambaye huisimulia filamu ya kigeni kwa Kiganda huku ikiendelea, akieleza, akitania na kuwapa wahusika majina ya mitaani. Majina kama VJ Jingo na VJ Junior yalijulikana kuliko ya waongozaji wenyewe wa filamu. Mwanzoni VJ alisimama kibandani na kipaza sauti. Baadaye sauti yake ikarekodiwa juu ya kanda, halafu juu ya diski, na mwishowe ikawa faili. Filamu ilipokuwa faili, iliweza kuingia ndani ya kompyuta yoyote na kusafiri nayo hadi kijijini.

Vurra ipo kusini mwa mji wa Arua, kwenye mpaka wa Kongo. Wenyeji ni Walugbara, na ndugu zao wapo upande wa pili wa mpaka. Kiswahili kilifika West Nile zamani kwa njia ya jeshi na biashara, na mpakani bado ni lugha ya kuelewana kwa haraka. Kwa upande wa umeme, eneo hili lilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa. Mji wa Arua ulitegemea jenereta za dizeli, na bwawa la Nyagak lenye uwezo wa megawati 3.5 lilianza kufanya kazi mwaka 2012. Kwa hiyo kompyuta mpakato, yenye betri yake yenyewe, ilifaa kuliko televisheni: ungeweza kuichajisha kwenye kituo cha biashara na kurudi nayo nyumbani.

Hivyo ndivyo ilivyofika kwetu. Mwaka 2014 mjomba wangu alinunua kompyuta mjini Arua. Ilikuwa imetumika, lakini kwetu ilikuwa mpya, na ya kwanza. Anasimulia kwamba muuzaji hakumuuliza anataka kuifanyia kazi gani. Alimuuliza, "Unataka za vita, za Kihindi au za Nigeria?" Mjomba akajibu, "Weka zote." Akasubiri karibu saa nzima filamu zikinakiliwa, akanywa soda, akalipa, akapanda bodaboda. Jioni ile majirani walijaa uani. Betri ilizimika kabla jambazi hajakamatwa, na kesho yake watu walirudi kwa ajili ya mwisho wa hadithi. Bibi yangu, ambaye hakujua Kiganda, alifuata filamu kwa kucheka pale wengine walipocheka. Kwa muda mrefu aliiita kompyuta hiyo "sinema ya mjomba", na nadhani hakukosea.

Kwa nini muuzaji alitoa nyongeza hii? Sababu ya kwanza ni kwamba haikumgharimu chochote isipokuwa muda. Muuza maharagwe akitoa konzi, gunia lake linapungua. Faili likinakiliwa, la kwanza linabaki vile vile. Sababu ya pili ni kwamba nyongeza ilikuwa chambo. Filamu za mwanzo zikishaisha utamu, mnunuzi hurudi na flashi yake na sasa analipa kwa kila filamu. Mjomba alirudi mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri.

Hapa ndipo tofauti kati ya Marekani na Arua inapojitokeza. Video ya Weezer iliingia kwenye diski ya Microsoft kwa makubaliano na kampuni ya muziki. Filamu za mjomba ziliingia bila ruhusa ya mtu, ingawa Uganda ilikuwa na Sheria ya Hakimiliki tangu 2006. Ni rahisi kumlaumu mwenye duka na kuishia hapo. Hata hivyo, wakati ule sisi hatukuwa na duka lingine lililotuuzia filamu hizo kihalali, kwa bei yetu na kwa lugha inayoeleweka nchini. Aliyeumia zaidi, kwa maoni yangu, si tajiri wa Hollywood bali msanii wa hapa nyumbani, ambaye filamu yake ilinakiliwa katika folda moja na hizo za kigeni.

Msanii huyo pia alikuwa na shida ya nafasi. Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, alihariri filamu yake "Who Killed Captain Alex?" ya mwaka 2010 kwa kompyuta aliyoiunganisha mwenyewe. Alipohitaji nafasi ya kazi iliyofuata, alilazimika kuifuta ile ya asili. Leo filamu hiyo inajulikana dunia nzima kutokana na nakala iliyosalia.

Niliposoma habari hiyo nilinyamaza kidogo, kwa sababu nami nimefuta. Nilipopata nafasi ya chuo, mjomba alinipa kompyuta ile ile. Diski ilikuwa imejaa, na nilihitaji nafasi kwa kazi za darasani. Nilifuta folda nzima kwa dakika chache, nikaona nimesafisha uchafu. Sikuandika hata orodha ya majina. Mwaka ule ule nilianza kusoma somo la historia, ambako tunafundishwa kwamba chanzo cha habari kinaweza kuwa risiti, barua au kigae cha chungu.

Folda ile ilikuwa chanzo. Ingetuonyesha wauzaji wa Arua walidhani mtu wa Vurra anapenda nini, na sauti za VJ gani zilifika mpakani. Wanaoandika historia ya kompyuta Afrika huhesabu mashine, nyaya na shule zilizounganishwa. Nyongeza hawaihesabu, kwa kuwa haikuandikwa kwenye risiti. Napendekeza kwamba kila mwanafunzi mwenye mjomba kama wangu amuulize leo ni filamu gani zilikuwemo siku ya kwanza, kisha ayaandike majina kabla ya kusafisha diski. Mimi nimeanza na mjomba. Hadi sasa amekumbuka kumi na moja.