Jioni Inayouzwa Peke Yake

Walt Disney World ilifungua milango yake huko Florida siku ya Ijumaa, Oktoba 1, 1971, na tarehe hiyo haikupatikana kwa bahati. Wenye kampuni waliitafuta siku ambayo watu hawangefurika. Kufikia Oktoba shule za Marekani zimeshafunguliwa, likizo ya kiangazi imekwisha, Krismasi bado iko mbali, na familia nyingi zimetulia makwao. Hesabu yao ilitimia: watu wapatao 10,000 tu waliingia siku ile katika Magic Kingdom, bustani pekee ya burudani iliyokuwapo hapo wakati huo, na wafanyakazi wapya wakapata wiki kadhaa za kuizoea kazi kabla ya sikukuu ya Shukrani mwishoni mwa Novemba, ambapo magari yaliziba barabara. Bustani hiyohiyo, mwaka 2024, ilianza sherehe zake za Halloween Agosti 9 na kuzimaliza Oktoba 31. Zilikuwa sherehe 38, kila moja na tiketi yake ya kati ya dola 119 na dola 199, mbali kabisa na tiketi ya mchana. Msimu uliopendwa kwa uchache wa watu umekuwa msimu wa biashara kubwa. Hoja yangu ni kwamba sherehe hizi, zilizobuniwa kuvuta watu kwenye siku tupu, zimegeuka kuwa chombo cha kuwapanga watu. Haziupunguzi umati bali huuhamisha, kutoka siku moja hadi nyingine na kutoka mchana hadi usiku, na hasara ya uhamisho huo humwangukia zaidi mgeni asiyeijua kalenda.

Wazo la kuuza usiku peke yake ni la zamani kuliko Florida. Disneyland ya California ilipofunguliwa Julai 1955, mgeni alilipa kiingilio kidogo kisha akalipia kila mchezo alioupanda. Miezi michache baadaye vikaja vijitabu vya tiketi vyenye herufi, kila herufi ikiwa na daraja lake la vivutio. Katika mfumo huo, kukaa ndani ya bustani kulikuwa rahisi, kilichokuwa ghali ni kupanda. Ndiyo maana Grad Nite ya mwaka 1961 ilikuwa jambo jipya. Wanafunzi waliohitimu sekondari waliuziwa usiku mzima, wakaingia wageni wa kawaida wakiwa wameondoka, wakabaki wakicheza hadi alfajiri chini ya uangalizi wa walimu na wazazi. Hapakuwa na mtu aliyepokonywa kitu. Saa zile zilikuwa za wafagizi na mafundi, na kampuni ikagundua kwamba hata saa zilizolala zinaweza kuleta fedha bila kumgusa mteja wa mchana. Hilo ni muhimu kulikumbuka, kwa sababu sherehe za siku hizi husifiwa kana kwamba nazo zinaishi katika saa zisizo na mwenyewe.

Hatua iliyofuata haikupigwa na Disney. Ilipigwa na jirani yake, Knott's Berry Farm ya Buena Park, mahali palipoanza kama kibanda cha kuuzia matunda na mkahawa wa kuku. Mwezi Oktoba 1973 bustani hiyo ilifanya jaribio la usiku wa kutisha kwa siku tatu tu. Kwa msomaji asiyeizoea, Halloween ni usiku wa Oktoba 31 ambapo watoto wa Marekani huvaa kama mizimu na wachawi, wakapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, na watu wazima nao hupenda kutishwa kwa kujifurahisha. Knott's haikujenga mlima wala kununua treni mpya. Iliwavisha watu vinyago, ikawaficha gizani, ikawaacha wawashtue wapita njia. Ardhi ilikuwa ileile na mashine zilezile, lakini lango moja likaanza kupokea fedha mara mbili kwa siku moja, tena katika mwezi ambao zamani haukutegemewa. Sherehe ile ya siku tatu imekuwa ya majuma kadhaa kila mwaka, na karibu kila bustani kubwa ya Marekani imeiga. Universal Studios Florida, iliyofunguliwa mwaka 1990, ilijaribu usiku wake wa kutisha mwaka 1991, nayo ilianza na siku tatu kwa tiketi isiyofika dola 20. Kufikia 2024 ilikuwa imefika sherehe 48, kuanzia mwisho wa Agosti hadi siku za mwanzo za Novemba.

Katika Magic Kingdom mambo yalikwenda polepole zaidi, na mfuatano wa miaka unaeleza mengi. Mwaka 1982 Disney iliachana na vijitabu vya herufi, na kuanzia hapo tiketi moja ikamfungulia mgeni bustani nzima kwa siku nzima, apande atakavyo. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1983, ikafanyika sherehe ya kwanza ya Krismasi yenye tiketi yake. Simaanishi kwamba jambo la kwanza lilizaa la pili kwa makusudi. Lakini tangu siku tiketi ilipoanza kununua muda badala ya michezo, muda wenyewe ulikuwa bidhaa iliyosubiri kukatwa vipande. Sherehe ya Halloween ilikuja mwaka 1995, usiku mmoja tu, Oktoba 31, ikilenga watoto wasiotaka damu na misumeno ya Universal. Kisha zikaongezwa siku, kidogo kidogo, bila mwaka ambao mtu angeweza kusema hapa ndipo mambo yalipogeuka, hadi Septemba ikamezwa nzima na Agosti ikaanza kumegwa.

Utaratibu wa siku ya sherehe ndio unaobadili umati. Sherehe yenyewe huanza saa 1 usiku hadi saa 6 usiku. Mwenye tiketi ya sherehe huruhusiwa kuingia kuanzia saa 10 alasiri, na mgeni wa mchana anatakiwa kuwa ametoka saa 12 jioni au muda mfupi baadaye. Langoni na ndani ya njia, wahudumu hugawa mikanda ya mkononi, na asiyekuwa nayo hupewa mkono wa kwaheri na kuelekezwa nje. Fataki za kawaida za usiku hazirushwi kwa ajili yake. Familia iliyotaka kuona kasri la bustani likiwaka taa, kwa hiyo, huiepuka siku hiyo, na watu wa Florida wenye tiketi za mwaka mzima nao hawaoni sababu ya kuja kwa saa chache. Matokeo yake ni kinyume cha anachotarajia mtu asiyezoea: siku yenye sherehe kubwa ndiyo yenye foleni fupi kuanzia asubuhi hadi mapema alasiri. TouringPlans, kampuni inayorekodi muda wa foleni na kuuza kalenda za utabiri wa umati, imekuwa ikiwaeleza wateja wake kwa miaka mingi wazichague siku hizo. Kati ya saa 10 na saa 12 hali huharibika, kwani makundi mawili yanabanana ndani ya ukuta mmoja, moja likikimbizana na saa na jingine likianza kuhesabu faida ya fedha zake.

Sasa waliokimbia wamekwenda wapi? Hawakurudi nyumbani. Mtu aliyesafiri kutoka Ohio au Brazili na watoto watatu haahirishi safari kwa sababu ya sherehe ya Jumanne. Anaisogeza Magic Kingdom hadi Jumatano au Jumamosi. Umati huu ni kama maji ndani ya mfuko wa nailoni, ukiubana upande mmoja unavimba upande wa pili. Kwa muda mrefu Disney imekwepa kuweka sherehe za Halloween Jumamosi, na hivyo Jumamosi hubeba mizigo miwili: wenyeji walio kwenye mapumziko ya wiki, na wageni wanaoutaka usiku mzima wenye fataki. Katika wiki yenye sherehe nne, siku tatu zilizobaki hulazimika kuwapokea watu waliokuwa wagawanywe kwa saba. Jioni ya sherehe, wengine wanaotolewa saa 12 hupanda reli ya juu au basi kwenda EPCOT, bustani nyingine ya Disney, ambayo msimu huo ina tamasha la vyakula lisilohitaji tiketi ya ziada, na mikahawa ya huko hujaa watu ambao asubuhi hawakuwa na nia ya kufika. Mtu akiutazama mchana wa Jumanne peke yake atasema sherehe imepunguza umati, lakini akiitazama wiki yote na bustani zote nne, ataona kwamba ni mpangilio tu uliobadilika.

Universal inaonyesha upande mwingine. Huko kinachovuta watu ni nyumba za kutisha zinazojengwa upya kila mwaka, kwa kawaida kumi, ambazo mchana hazipo. Mteja huja kwa ajili yake, na huzipata usiku tu. Kuna hata pasi za kurudi kwa usiku kadhaa kwa bei moja. Kwa hiyo umati hausambazwi, unakusanywa. Ijumaa na Jumamosi za Oktoba foleni ya nyumba moja inaweza kupita saa nzima, na mtu aliyekaa usiku wote bila tiketi ya kuruka foleni hawezi kuzimaliza zote. Lakini mgeni wa mchana wa Universal, akitolewa saa 11 jioni, ana bustani ya pili mlango wa pili, naye akiwa na tiketi ya bustani zote mbili hajafukuzwa kabisa. Naliona hilo kuwa afadhali, ingawa haliondoi ukweli kwamba jioni yake imeuzwa kwa mwingine.

Kuna pingamizi la kihistoria ambalo lina nguvu, na silipuuzi. Husemwa kwamba katika miaka ya 1970 na 1980 Magic Kingdom ilikuwa ikifungwa mapema, mara nyingi saa 12 jioni, katika majuma yasiyo na watu, kwa hiyo sherehe haikuchukua kitu ambacho mgeni wa vuli alikuwa nacho. Kwa mwaka 1983 na hata 1995 naikubali hoja hiyo bila kusita. Desemba ya mapema wakati ule ilikuwa na nafasi, na kuwasha taa kwa ajili ya watu waliolipia zaidi kulikuwa bora kuliko kuziacha zimezimwa. Lakini hoja hiyo haiwezi kusafirishwa hadi leo. Kwa makadirio ya TEA, chama cha sekta ya bustani za burudani, Magic Kingdom ilipokea wageni karibu milioni 17.7 mwaka 2023, wastani unaopita 48,000 kwa siku. Bustani yenye wageni wa kiasi hicho haina tena majuma ya kufungwa mapema kwa kukosa watu, na Agosti, ambapo shule za majimbo mengi bado hazijafunguliwa, haijawahi kuwa msimu mfu.

Wengine husema mgeni wa mchana hajaonewa, kwa kuwa foleni fupi zinamfidia saa alizopoteza, na tangu 2018 bei ya tiketi hubadilika kwa tarehe, hivyo siku za sherehe mara nyingi huwa nafuu. Kwa anayejua, ni kweli. Anaweza kufika lango linapofunguliwa, akapanda kila alichokitaka kufikia saa 9 alasiri, akaondoka ameshiba. Lakini tiketi ya siku nyingi hukadiriwa kwa tarehe inayoanzia, na familia iliyonunua siku nne haioni popote kwamba mojawapo ina saa tatu au nne pungufu kuliko zingine. Kalenda iko wazi kwa kila mtu, ila kuwekwa wazi hakutoshi pale ambapo bei haimwonyeshi mnunuzi tofauti, na anayekuja mara moja maishani ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuchagua siku bila kuilinganisha na jirani zake.

Baada ya janga la korona palitokea kitu kinachofaa kuangaliwa. Vuli ya 2020 haikuwa na sherehe. Mwaka 2021 ikaletwa sherehe fupi ya saa tatu tu, iliyoanza karibu saa 3 usiku, kwa bei ya kuanzia dola 129, na kwa hiyo mgeni wa mchana alibaki hadi usiku ulipoingia. Ilithibitika kwamba sherehe inaweza kufanyika bila kumtoa mtu kabla ya jua kuzama. Mwaka 2022 utaratibu wa zamani ulirudi, ukiwa na sherehe 37. Tangu 2016 Disney pia huuza usiku wa saa tatu usio na Halloween wala Krismasi, na katika tangazo lake kivutio kikuu ni uchache wa watu wenyewe, ulioanza kuuzwa kwa dola 149.

Ushahidi unaonishawishi zaidi umo katika juma la Krismasi. Sherehe za Krismasi huanza Novemba, zikakoma siku chache kabla ya Desemba 25, yaani huisha pale sikukuu inapofika. Kisha gwaride na fataki zilezile zilizolipiwa peke yake kwa majuma sita huonyeshwa kwa kila aliyeingia na tiketi ya kawaida, hadi mwaka mpya. Kama gwaride ndilo lingekuwa bidhaa, wasingeligawa bure katika siku linapotakiwa zaidi. Juma hilo bustani imejaa kuanzia asubuhi hadi usiku wa manane, hakuna nafasi inayoweza kutengwa ikauzwa, na kuwafukuza watu saa 12 jioni kungewapotezea wenye kampuni zaidi ya ambacho tiketi ya pili ingeleta.