Reli Iliyogeuka Njia ya Baiskeli: Givry hadi Cluny

Hapa uliposimama palipita garimoshi. Reli ilipong'olewa tuta lilibaki, na mwaka 1997 kipande cha kilomita 44 kati ya Givry na Cluny, huku Bourgogne, kikafunguliwa kuwa njia ya kwanza ya aina yake Ufaransa: lami laini, hakuna gari wala pikipiki.

Garimoshi haliwezi mlima mkali. Ndiyo maana njia hii hupanda taratibu mno, hata mtoto na babu yake huendesha baiskeli pamoja bila kuhema. Panapokatiza barabara, tazama vile vinyumba vidogo vya mawe: ndimo walimoishi walinzi wa mageti ya reli.

Ukitoka Givry utaacha mizabibu nyuma, upite malisho ya ng'ombe weupe wa Charolais na kasri la Cormatin, hadi Cluny, mji wa abasia iliyoanzishwa mwaka 910.

Kusini zaidi liko handaki la Bois Clair, kilomita 1.6 za giza na ubaridi. Majira ya baridi hufungwa ili popo walale humo bila bughudha.

Tafadhali endesha upande wa kulia na uwapishe waendao kwa miguu.