Jicho la Akiba

Zamani za Warumi, fundi wa macho alitakiwa awe na mkono wa kushoto usioshindwa na wa kulia. Celsus, aliyeandika kitabu chake cha tiba kwa Kilatini karibu miaka 2,000 iliyopita, anaeleza sababu. Mgonjwa anakaa kitini, uso kwa uso na fundi, na msaidizi amemshika kichwa kwa nyuma. Jicho la kushoto la mgonjwa linachomwa kwa mkono wa kulia, na la kulia kwa mkono wa kushoto. Kisha anaongeza jambo lililonifanya mimi, nesi mstaafu wa chumba cha upasuaji wa macho, nirudie ukurasa ule: jicho la pili, hata likiwa zima, lifunikwe kwa sufu. Macho hutembea pamoja. Moja likigeuka, mwenzake hufuata, na wakati huo sindano imo ndani.

Hiyo ndiyo habari ya kwanza ya jicho la pili niliyowahi kuisoma, na tangu hapo nimekuwa nikilifuatilia. Vitabu vya historia ya tiba hupenda kusimulia jicho linalopasuliwa. Lile linalosubiri halina mwandishi, ingawa limesubiri muda mrefu sana.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyo nyuma ya mboni, ambayo imeingia ukungu. Fundi alipitisha sindano pembeni, kwenye weupe wa jicho, akaifikia lenzi na kuisukuma mpaka ikaanguka chini, humo humo ndani. Mwanga ukapita. Mgonjwa akaona vidole vya fundi, si vizuri, lakini akaviona, na watu waliosimama hapo wakashangilia. Wahindi waliifanya kazi hii kwa njia iliyoandikwa katika vitabu vya Sushruta, na Afrika Magharibi mafundi wa sindano wapo hadi leo. Ubaya wake huja baadaye. Lenzi haijatoka, imelala tu. Wiki au miezi ikipita jicho linaweza kuvimba, presha yake ikapanda, na giza likarudi bila dawa. Kufikia hapo fundi yuko kijiji kingine.

Wapo waliojaribu kuitoa kabisa. Ammar bin Ali, mtu wa Mosul aliyefanya kazi Misri zama za khalifa al-Hakim, karibu mwaka 1000, aliandika juu ya sindano aliyoitengeneza yenye uwazi katikati, ya kuunyonya ukungu nje ya jicho. Ningependa sana kuishika sindano ile. Lakini wengi waliendelea kusukuma, na Ulaya kazi hiyo ikaangukia mikononi mwa watembezi. Aliyevuma kuliko wote ni John Taylor, Mwingereza aliyezunguka kwa gari la farasi lililochorwa macho ubavuni. Mwaka 1750 alimchoma mtunzi wa muziki Johann Sebastian Bach huko Leipzig, mwezi Machi, na akarudia Aprili. Bach hakupata nuru, na Julai alifariki. Miaka minane baadaye Taylor alimtibu mtunzi mwingine, Handel, naye akabaki kipofu. Inasimuliwa kwamba mtindo wa Taylor ulikuwa kuwafunga wagonjwa bendeji na kuwakataza wasiifungue kwa siku kadhaa. Siku ya kufungua, gari lake lilikuwa limekwisha kuondoka mjini.

Kwa fundi wa namna hiyo, mwenye akili angetoa jicho moja tu.

Mfaransa Jacques Daviel ndiye aliyebadili njia. Mwaka 1747 aliikata konea, utando angavu wa mbele ya jicho, kwa chini na kuitoa lenzi nje, na kufikia 1752 alikuwa ameripoti macho 206, yakiwamo 182 yaliyofanikiwa. Watu wa siku zake waliona maajabu, na yalikuwa maajabu. Mimi hapo hufanya hesabu ya upande wa pili: kwa kila macho tisa hivi, moja liliharibika. Tena bila ganzi, kwani ganzi ya macho ilikuja 1884, kijana Karl Koller wa Vienna alipogundua kuwa matone ya kokeini hulifanya jicho lisihisi kisu. Maumivu yakaondoka, usaha ukabaki. Maambukizi ndani ya jicho huanza siku chache baada ya upasuaji na huweza kulimaliza jicho kwa saa chache. Sasa fikiria umefanya yote mawili asubuhi moja, kwa maji yale yale na vyombo vilivyochemshwa pamoja. Daktari aliyejifunza kazi wakati huo hakuhitaji kuandikiwa kanuni. Alilitibu moja na kulingoja.

Kanuni hiyo niliikuta nilipoanza kazi, mwishoni mwa miaka ya 1970, katika hospitali ya misheni katikati ya Tanzania. Ilikuwa imeshazeeka kiasi kwamba hakuna aliyeuliza ilitoka wapi. Stoo mlikuwa bado na mifuko ya mchanga. Sista mkuu wa wadi alituambia kwamba zamani waliibana kichwani kwa mgonjwa, mmoja huku na mmoja huku, alale chali asigeuke, akilishwa kwa kijiko, maana jeraha lilishikwa na nyuzi chache au halikushonwa kabisa. Sisi tuliwakalisha wodini karibu wiki nzima, bendeji jicho moja, na kila asubuhi daktari alipita na tochi. Lile la pili tuliliita jicho la akiba. “Sista, na hili lingine lini?” mzee angeuliza. “Hilo ni akiba, babu. Utarudi.”

Kurudi kwenyewe! Wengi walikuja wakishika ncha moja ya fimbo, na ncha nyingine ikishikwa na mjukuu wa miaka minane au tisa aliyekatishwa shule ili awe macho ya babu. Walikuja kwa lori la mahindi, au kwa miguu mpaka barabara kuu. Walipoondoka, fimbo mzee aliibeba mwenyewe, na kwa upande wa familia shida ilikuwa imekwisha: anajua njia ya chooni, anawaona mbuzi, mtoto amerudi shule. Nani angeuza mbuzi mwingine kwa ajili ya jicho la pili? Niliwaandikia tarehe kwenye kadi kwa mkono wangu, na wachache sana niliwaona tena.

Halafu ilikuwepo miwani, jambo ambalo vijana wa kazi hii leo hawalijui. Tulitoa lenzi bila kuweka nyingine, kwa hiyo mgonjwa alihitaji vioo vinene vya nguvu 10 au zaidi. Vilikuza kila kitu kwa zaidi ya robo. Mama alinyoosha mkono kupokea kikombe na kushika hewa, kwa sababu kikombe kilionekana karibu kuliko kilivyo. Milango ilipinda. Mtu aliyekuja kutoka pembeni alitokea ghafla, kana kwamba ameota ardhini. Aliyebaki na jicho moja linaloona kidogo bila kupasuliwa alipata taabu zaidi, maana kila jicho lilimletea ubongoni picha ya ukubwa wake: huku mbuzi, huku ng'ombe, na mnyama ni mmoja. Na miwani ikivunjika, kipofu amerudi palepale. Nimewaona waliopasuliwa vizuri kabisa wakiongozwa tena na wajukuu kwa sababu kioo kilikanyagwa na ndama.

Dawa ya hilo ilikuwa imeshapatikana zamani, ila haikuwa imetufikia. Harold Ridley wa London, ambaye wakati wa vita alitumwa Ghana ya leo na huko akachunguza upofu wa mtoni, aliwatibu marubani waliorukiwa machoni na vipande vya plastiki ya ndege zao. Aliona vipande vile vinakaa ndani ya jicho bila kulichokoza. Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', alianza kuweka lenzi ya plastiki hiyo badala ya ile ya ukungu. Wakubwa wa fani walimkasirikia kwa miaka mingi: kazi ya daktari wa macho ni kutoa uchafu, si kutia! Alipewa heshima yake akiwa mzee, na yeye mwenyewe uzeeni aliwekewa lenzi za aina hiyo. Kwetu kilichoamua ni bei. Mwaka 1992 watu wa hospitali ya Aravind, kule Madurai India, walifungua kiwanda chao cha lenzi, Aurolab, na kitu kilichouzwa karibu dola 100 kikashuka hadi dola 10 na chini ya hapo. Eritrea nayo ikapata kiwanda chake Asmara, kwa jitihada za wafuasi wa daktari Fred Hollows. Miwani mizito ikaondoka wodini bila kuagwa.

Ya usaha yalishughulikiwa kwa vitu viwili vya bei ndogo, na kama nesi siwezi kuvipita haraka. Cha kwanza ni iodini ya rangi ya kahawia, ile ile ya kusafishia vidonda, iliyochanganywa kwa nguvu ya jicho. Mwaka 1991 madaktari wa New York walichapisha ushahidi kwamba matone yake kabla ya kisu hupunguza maambukizi. Cha pili ni antibayotiki inayoingizwa ndani ya jicho mwisho wa upasuaji. Waswidi waliitumia mapema, na utafiti mkubwa wa Ulaya uliotolewa 2007 ukaonyesha maambukizi yanapungua kama mara tano. Ukijumlisha tundu dogo lisilohitaji uzi, hatari iliyomtisha daktari wa enzi za Daviel imekuwa chini ya mgonjwa mmoja kwa elfu.

Hapo ndipo wengine walipouliza kwa sauti: kwa nini tungoje? Wafini waliuliza mapema, na wenzao wa visiwa vya Kanari. Toronto, daktari Steve Arshinoff alilifanya swali hilo kazi ya maisha yake, na chama cha kimataifa cha wapasuaji wa macho mawili kikatoa masharti mwaka 2009. Nimeyasoma kama mtu wa chumba kile, na nakubali kwamba aliyeyaandika anajua kazi. Jicho la pili ni mgonjwa mwingine. Timu inavua glavu na magauni, inanawa upya, inafunika upya. Trei ya pili imechemshwa katika mzunguko mwingine. Maji na dawa, inapowezekana, vitoke toleo jingine la kiwanda, ili chupa moja mbovu isiyafikie macho yote. Na la kwanza likienda vibaya hata kidogo, la pili linaahirishwa siku hiyo hiyo. Visa vya macho yote mawili kuoza pamoja vilivyoandikwa ni vichache mno, na mara nyingi masharti hayo yalikuwa yamevunjwa. Mwaka 2023 Waholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 865 katika hospitali 10: waliofanyiwa siku moja hawakuona vibaya kuliko waliongojeshwa wiki kadhaa.

Pamoja na hayo, Marekani wengi bado wanangoja, na sababu mojawapo ni kwamba bima ya wazee hulipa nusu tu ya bei kwa jicho la pili likifanywa siku hiyo hiyo. Hofu iliyoanza kwa usaha imerithiwa na karani.

Kwetu karani si tatizo. Tatizo ni jiko la kuchemshia vyombo. Hospitali ya wilaya yenye mtambo mmoja na seti mbili za visu haiwezi kuyatimiza masharti yale, na sitaki mtu ayafanye nusunusu kwa kuwaonea huruma wazee wa mbali. Ingawa ni hao hasa waliohitaji macho yote mawili siku moja. Mfini mwenye basi mlangoni angeweza kurudi hata mara kumi. Mzee wangu wa lori la mahindi alikuwa na safari moja. Kwa watoto waliozaliwa na ukungu baadhi ya madaktari huyafanya yote mawili kwa usingizi mmoja, kwa sababu dawa ya usingizi mara mbili nayo ni hatari, na mimi nawaunga mkono, trei zikiwepo.

Mjukuu wangu ananishawishi nitafute mahali wanapofanya yote siku moja, kwa kuwa sasa ukungu umeniingia pande zote mbili. Nimemwambia sifai. Jicho langu la kushoto lina presha, na wenye presha, kisukari kilichokula macho, au konea dhaifu ndio ambao hata Arshinoff angewangojesha: daktari anataka aone la kwanza limekaaje, lenzi imepatana nalo au imekosea, ndipo achague ya pili. Nimeandikiwa la kulia kwanza. Nauli ya safari ya pili nimeshamkabidhi binti yangu, maana kadi ile ya tarehe naijua.