Pikipiki ya kwanza kwa mtu mfupi: Pima miguu kabla ya kutoa pesa

MTU wa kimo kifupi anapoingia katika duka la pikipiki kwa mara ya kwanza, swali la kwanza analoulizwa na muuzaji ni kiasi cha pesa alicho nacho. Ni nadra kuulizwa iwapo miguu yake inafika chini. Ilhali hilo ndilo litakaloamua kama pikipiki hiyo itamfanyia kazi, au kama ataiegesha nyuma ya nyumba baada ya wiki mbili na kumtafuta mnunuzi mwingine kwa bei ya hasara.

Wanaojifunza hudhani kwamba hatari yote imo katika mwendo wa kasi. Kasi huua, hilo halina ubishi. Lakini mwendeshaji mpya, hasa aliye mfupi, mara nyingi huanguka akiwa amesimama au anakaribia kusimama: anapongoja magari yapite kwenye makutano, anapogeuza pikipiki uani, au anapoegesha penye mteremko. Pikipiki iliyo mwendoni hujisimamia yenyewe. Ikisimama, kinachoizuia isianguke ni mguu wa mwenyewe tu. Mguu huo ukikosa ardhi kwa sentimita chache, kilo mia moja na ushei huanza kuinama, na zikishapita kiwango fulani hakuna nguvu za mkono zitakazozirudisha. Mwenye bahati huvunja mkono wa klachi au kioo cha pembeni. Asiye na bahati huungua mguu kwa ekzosi, au huangukia upande ambao lori linapita.

Hili linawahusu wengi. Wauguzi wanaozuru vijiji, walimu wanaofundisha mbali na lami, maafisa wa kilimo na wanawake wanaoingia katika biashara ya boda boda, wote wamo humo. Kwa miaka mingi, maafisa wengi wa nyanjani walikabidhiwa pikipiki ndefu za porini kama Yamaha DT na Honda XL bila yeyote kujali kimo cha anayekabidhiwa.

Anza nyumbani. Simama wima ukiegemea ukuta, bila viatu, ubane kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja na ukivute juu hadi kikwame. Mtu mwingine apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Huo ndio urefu wa mguu wako kwa upande wa ndani, na una maana kubwa kuliko kimo chako chote, kwani watu wawili wenye kimo kimoja huweza kutofautiana miguu kwa sentimita kadhaa. Mwenye futi 5 na inchi 1, yaani takriban sentimita 155, mara nyingi hupata kama sentimita 70. Soli ya kiatu kizuri huongeza mbili au tatu.

Sasa linganisha na viti. Pikipiki za kazi zilizojaa katika barabara zetu, za aina ya Bajaj Boxer na TVS HLX, huwa na kiti kilicho kati ya sentimita 78 na 81 hivi kutoka ardhini. Suzuki GN125 ni fupi zaidi, karibu sentimita 74, na ndiyo sababu waliojifunzia juu yake huikumbuka kwa wema. Kwa upande wa zile kubwa, Royal Enfield Classic 350 ina sentimita 80.5, na ndugu yake Meteor 350 ina 76.5. Honda CRF250L, iliyoundwa kwa njia za milimani, ina 87.5.

Kwa hesabu tupu, mwenye mguu wa sentimita 70 angekata tamaa papo hapo. Asikate. Tarakimu ya kiti hupimwa pikipiki ikiwa haina mtu, na inaficha mambo mengi. Ukikaa, springi hubonyea na kiti hushuka. Pia hakuna sheria inayosema nyayo zote mbili lazima zilale chini. Mwendeshaji stadi husimama kwa mguu mmoja, wa kushoto, huku wa kulia ukiwa umekanyaga breki ya nyuma. Akisogeza nyonga kidogo upande wa kushoto, mguu huo hurefuka kwa namna ya ajabu. Anayeanza anahitaji uhakika zaidi ya huo, lakini si lazima uwe kamili: nusu ya mbele ya nyayo zote mbili ikikanyaga kwa uthabiti, au unyayo mmoja ukilala wote, inatosha. Anayechuchumia kwa ncha za vidole pande zote mbili bado hajapata pikipiki yake.

Jambo jingine linalofichwa na tarakimu ni upana. Kiti kipana hutanua mapaja, na mapaja yakitanuka miguu hupungukiwa. Skuta huuzwa kama kimbilio la watu wafupi, na kweli ni rahisi kuipanda kwa kuwa mbele yake pako wazi. Mwenye sketi ndefu au leso hana haja ya kurusha mguu juu. Hata hivyo, nyingi zina kiti kipana ambacho humfanya mtu achuchumie kuliko alivyotarajia, na magurudumu yake madogo hayapatani na mashimo. Kwa mjini, sawa. Kwa barabara ya changarawe, mimi nisingemshauri mtu.

Humu nchini kuna tatizo ambalo vitabu vya watengenezaji havilijui. Pikipiki ya boda boda ikishanunuliwa, kiti hupelekwa kwa fundi kiongezewe sponji na ngozi ili abiria akae vyema. Hurudi kikiwa kirefu na kipana zaidi. Anayenunua pikipiki iliyokwisha kutumika asitazame karatasi ya mtengenezaji. Kiti kilichoandikwa humo huenda hakipo tena.

Kisha uzito. Pikipiki ya injini ya 100cc hadi 150cc huwa na kilo kati ya 110 na 130 hivi. Classic 350 ina kilo 195. Tofauti hiyo haihisiwi barabara ikiwa wazi, bali pale pikipiki inapoinama na wewe umesimama kwa mguu mmoja. Ndiyo maana mtu mfupi anayejifunza hafai kuvutiwa na kiti kifupi cha pikipiki nzito. Kati ya pikipiki nyepesi yenye kiti cha sentimita 80 na nzito yenye kiti cha 76, mimi ningechukua nyepesi kwa mwaka wa kwanza. Na mzigo unapowekwa juu kwenye keria, mitungi ya maziwa mathalani, uzito hupanda juu pamoja nao; pikipiki uliyoimudu asubuhi inakuwa nyingine kabisa adhuhuri.

Dukani, usiketi mara moja ukaridhika. Sakafu ya duka ni tambarare na barabara sivyo. Omba pikipiki itolewe nje. Ishushe kutoka kwenye stendi, iinamishe kidogo kila upande uone ni wapi uzito unaanza kukushinda, kisha isukume mbele na nyuma ukiwa umeketi. Ukishindwa kuirudisha nyuma kwa miguu penye mwinuko mdogo, utashindwa pia kutoka mahali pa kuegesha. Jaribu kuifikia stendi ya pembeni ukiwa juu ya kiti. Funga mikono kwenye klachi na breki: wenye viganja vidogo wakati mwingine hulazimika kuachia mshikio ili kufikia klachi, na hiyo ni hatari. Hakikisha pia inawaka kwa kubonyeza kitufe. Kuwasha kwa kupiga teke huku umechuchumia ni mchezo wa sarakasi. Ukilazimika, isimamishe kwenye stendi ya kati na upige ukiwa umesimama kando yake.

Kwa nini nasisitiza ardhi? Barabara ya lami hujengwa ikiwa na mgongo katikati ili maji yatiririke, na kwa kuwa Kenya tunaendesha upande wa kushoto, ardhi iliyo chini ya mguu wako wa kushoto huwa ya chini kuliko ile ya kulia. Mguu unaoutegemea ndio unaopungukiwa. Mahali ambapo kingo za lami zimemomonyoka, pengo huweza kuzidi sentimita kumi. Mtu mrefu hata halioni. Mtu mfupi akisimama hapo, mguu unaingia shimoni na pikipiki inamfuata. Afadhali asimame mita mbili nyuma, palipo sawa, hata dereva wa matatu aliye nyuma yake apige honi namna gani. Breki ya mbele nayo isikamatwe kwa nguvu pikipiki ikiwa imekata kona polepole kwenye changarawe. Ndivyo wengi wanavyolala chini.

Iwapo umepata pikipiki inayokaribia kukufaa, kuna marekebisho ya halali. La kwanza ni kiti: fundi apunguze sponji sentimita mbili au tatu, hasa pembeni kwa mbele pale mapaja yanapopita, bila kufikia chuma. Ni kazi ya bei nafuu, na ukiibadilisha nia inaweza kurudishwa. La pili ni springi za nyuma. Pikipiki nyingi za kazi zina springi mbili, kila moja ikiwa na pete yenye ngazi za kukaza na kulegeza. Zikiwa zimekazwa kwa ajili ya abiria na mzigo, mtu mwepesi akikaa peke yake hazishuki. Zilegeze pande zote mbili sawasawa, na ukumbuke kuzikaza tena siku ya kubeba mtu.

Zaidi ya hapo, simama. Wapo mafundi ambao watakukatia springi kwa msumeno au kuchomelea upya mahali zinaposhikiliwa ili pikipiki ishuke. Springi iliyokatwa huwa ngumu na inaweza kuchomoka mahali pake. Gurudumu la nyuma huweza kugusa bawa lake unapoingia shimoni. Sehemu ya chini ya injini hugonga mawe. Na stendi ya pembeni, ambayo sasa ni ndefu kuliko inavyotakiwa, huiacha pikipiki ikiwa imesimama wima mno hivi kwamba upepo unaweza kuiangusha.

Pikipiki za umeme, ambazo zimeongezeka mijini, zina faida moja kubwa kwa anayeanza: hazina klachi, hivyo akili yote hubaki kwenye breki na miguu. Lakini huvuta kwa nguvu tangu zinapoanza kusonga, na mkono usiozoea unaweza kuirusha mbele mtu akiwa bado anatafuta ardhi kwa mguu. Kiti chake kipimwe vilevile kama cha nyingine yoyote.

Leseni inayohitajika kwa pikipiki ya kawaida ni ya daraja la A2, na anayebeba abiria au vifurushi kwa malipo huhitaji A3. Sheria ya Trafiki inamtaka mwendeshaji avae helmeti na jaketi yenye kuakisi mwanga, na asibebe zaidi ya abiria mmoja. Helmeti iwe yako, inayokukaa kichwani bila kuzungukazunguka. Viatu viwe vya kufunika kifundo cha mguu, vyenye soli nene isiyoteleza. Visigino virefu haviongezi kimo chochote cha maana na hunasa kwenye vikanyagio.

Wanaonunua kwa mkopo wa kulipa kila siku wawe waangalifu zaidi, kwa sababu mara nyingi pikipiki huletwa ikiwa imekwisha kuchaguliwa na mkataba uko mezani. Keti juu yake kwanza, nje, ukiwa umevaa viatu vya kazi, ndipo utie sahihi. Anayenunua kwa mtu naye alinganishe nambari ya chesisi na ile iliyo katika kitabu cha umiliki, kisha achuchumae atazame fremu karibu na springi za nyuma. Akiona alama mpya za kuchomelea hapo, atafute nyingine.